Niliingiza Mashine ya Mjukuu Wangu Katika Mwethya

Nilikosea. Nianze hapo, kwa sababu nimekaa na watu wengi wanaosimulia makosa yao wakianza na "lakini", na ukimaliza kuwasikiza unapata kosa limekuwa la mvua ama la serikali. Hili ni langu. Nililifanya kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele ya watu, na wakanipigia makofi.

Mimi ni susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na ninakaa upande wa Masii. Shule nilitoka mapema. Kuandika nilikuja kujua kwa masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo mkiona maneno yangu yanapanda mlima mnivumilie. Jina langu silitaji. Ya wengine nitayataja, ya kwanza tu, maana akina Kalekye na akina Syombua wamejaa Machakos nzima na hakuna atakayejua ni yupi. Mimi jina la mtu halinitoki kichwani. Zamani nilijivunia hilo. Siku hizi natamani majina yangenitoka.

Ngoja niwaeleze mwethya kwanza, kwa wale mnaotoka kwingine. Mwethya ni kazi ya pamoja. Leo tunalima kwako, kesho tunachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa Mbithe, kesho kutwa tunapura ndengu, yaani choroko, kwangu. Hakuna kulipana. Mwenye boma anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tunakula, tunaimba, tunaenda nyumbani. Mzee wangu alipofariki na kuniacha na watoto wadogo, ni mwethya iliyonijengea ghala na kunilimia shamba msimu baada ya msimu. Sitasema vibaya juu ya mwethya hata mniwekee kisu. Na kwa sababu hiyo, walipokuja kunichagua mwenyekiti wa kikundi chetu, niliona ni heshima kubwa kuliko hata kuwa mke wa chifu.

Sasa, niko na mjukuu. Ni msichana wa kwanza wa mwanangu, na kwetu huyo hubeba jina la nyanya yake, kwa hivyo ana jina langu. Nimemlea mimi, wazazi wake wakitafuta kazi Voi. Nikimwita nilikuwa kama ninajiita. Watu wakimsifu nilikuwa naitika mimi.

Alisoma ufundi wa kuchomelea vyuma, akapata kazi kwa kiwanda kimoja huko Athi River. Akakaa huko miaka. Halafu siku moja akaja nyumbani na mizigo yake yote, nikashtuka nikidhani amefutwa. Akasema hapana, ameacha mwenyewe. Akaniambia amechoka kutengeneza vitu vya watu, anataka kutengeneza kitu chake, hapa hapa kwetu, na awaajiri vijana wanaoshinda pale stendi wakihesabu pikipiki zinazopita.

Nilifurahi! Tena nilifurahi sana, msidhani nilikuwa na wivu. Jumapili hiyo hiyo kanisani kulikuwa na afisa mmoja kutoka kaunti, akatueleza habari ya ujasiriamali. Akasema nchi hii haitainuka kwa kungoja kazi, itainuka vijana wakianzisha kazi. Akasema hata yule aliyeajiriwa anaweza kuleta kitu kipya ndani ya kazi ya mwajiri wake na kampuni ikakua. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma. Kalekye, ambaye ni mke wa marehemu shemeji yangu, alikuwa ameketi karibu nami, naye alipiga makofi hivyo hivyo.

Mjukuu wangu alikuwa anatengeneza mashine ya kupura ndengu. Alinunua injini kuukuu kwa akiba yake, akatafuta vyuma, akawa anachomelea nyuma ya nyumba mpaka kuku wakahama. Sisi ndengu tunapura kwa fimbo. Unaanika maganda kwenye turubai, unapiga, unapepeta, na jioni mgongo hauinuki. Mashine za watu wengine tulikuwa tumezisikia, lakini zinapasua ndengu, na ndengu iliyopasuka mnunuzi anaiangalia kama mchanga.

Ya kwake pia ilipasua mwanzoni. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Ndipo akaja kuniuliza kama zile akala za mzee bado ziko. Akala ni viatu vya tairi, na mzee wangu hakuvaa kingine. Zilikuwa zimening'inia nyuma ya mlango tangu tumzike. Nikamwuliza za nini, akasema anataka kuvalisha vile vyuma vinavyopiga, ili ndengu ikigongwa igongwe na raba isipasuke. Tairi jipya ni gumu, akasema, lakini hii imekanyagwa ikalainika.

Nikampa. Alikata soli vipande virefu akavifunga ndani kwa bolti, na matundu ya misumari ya zile kanda yakabaki yanaonekana. Alipowasha, ndengu zilitoka nzima, zinang'aa kama zimeoshwa. Nilizishika kwa mkono. Nikalia kidogo, nikamwambia babu yake sasa amefufuka anapura.

Akaajiri Kimeu, kijana wa jirani, awe anabeba magunia na kuangalia injini. Akapanga bei kwa kila gunia, ndogo tu, akaniambia ikienda vizuri misimu miwili atatengeneza mashine ya pili ya upande wa Wamunyu, halafu ya tatu. Alikuwa anaongea huku akimenya viazi, macho yako mbali. Nilimwona mtu mzima.

Sasa sikizeni nilivyoharibu.

Wateja wa kwanza walikuwa watu wa mbali kidogo, wakalipa bila maneno. Halafu Kalekye akaja kwangu, akakaa, akanywa chai yote, na alipomaliza ndipo akasema jambo lake. Amesikia eti mjukuu wangu anawalipisha hata mashangazi zake. Akasema yeye hasemi kitu, ni watu wanasema. Wanasema mwenyekiti wa mwethya amefungua duka nyumbani kwake.

Hayo maneno yalinichoma. Usiku wote nilikuwa nayatafuna. Mimi, niliyelimiwa bure nikiwa mjane, nionekane nafanya biashara na waliolima!

Kikao cha kikundi kilipofika, nikasimama. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kule nyuma na Kimeu, amekuja kuwaeleza akina mama bei na zamu. Sikumpa nafasi. Sikumwuliza. Nilisema kwamba mashine ni ya nyumbani, mtoto ni wa nyumbani, na kuanzia siku hiyo mashine imeingia mwethya. Itaenda boma kwa boma kama sisi wenyewe tunavyoenda.

Wakapiga makofi. Vigelegele vikapigwa. Kalekye alisimama akacheza.

Mjukuu wangu alingoja kelele zikaisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Susu, dizeli haijui mwethya."

"Tutakupikia," nikamjibu, na watu wote wakacheka.

Angenikatalia pale mbele ya watu, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilimlea na heshima, na ile heshima ndiyo niliyomfungia nayo.

Mashine ikaanza kuzunguka. Ilienda kwa Mbithe, ikaenda kwa Ndinda, ikaenda kwa Mueni wa mtoni na Mueni wa kanisani, ikaenda kwa Kalekye, na ndengu za Kalekye zilikuwa nyingi kuliko za wote kwa sababu alileta na za dada yake wa Mwala. Kila mahali alipikiwa. Muthokoi, kuku, chapati. Mtoto alinenepa msimu ule huku anafilisika! Mafuta ya injini alinunua yeye. Kila akirudi nyumbani alikuwa anaosha mikono na kulala bila kuongea, na mimi nikijiambia ni uchovu.

Kisha wale wa mbali waliokuwa wanalipa wakaacha kulipa. Nani atalipa jirani yake akifanyiwa bure? Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa ndengu, Kioko, mtu aliye na lori, aliyekuwa amekubaliana na mjukuu wangu vizuri. Akaja kwangu ananikumbusha kwamba mama yake mzazi alikuwa wa ukoo wetu. Na mimi, kwa hiki kichwa changu cha majina, nikakumbuka kweli, mama yake aliitwa Syokau, wa nyumba ya juu. Nikasema basi, huyo ni wetu. Mtu aliye na lori! Nilimpurisha bure mtu aliye na lori.

Kimeu hakulipwa msimu wote. Mama yake alikuja kuniona, nikamwambia kijana anakula vizuri. Kimeu akarudi stendi kuhesabu pikipiki.

Ilipofika kwa Syombua, mashine ikapiga kelele mbaya, ikasimama. Beringi zilikuwa zimekwisha na mkanda umekatika. Akina mama walisimama pale kidogo, wakaipigapiga mgongo kama ng'ombe mgonjwa, halafu wakachukua fimbo wakaendelea kupura.

Kwa kikao nikaomba tuchange tuitengeneze. Nikaomba kwa upole. Ndinda akatazama chini. Ndipo Kalekye akasema, "Lakini Mwenyekiti, mashine si ni ya mjukuu wako?"

Ilipokuwa inanguruma ilikuwa yetu. Ilipozimika ikawa yake. Na hakuna aliyeona haya, hata mimi nilikaa chini nikaendelea na ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa ni sufuria za kikundi.

Mngedhani hapo ndipo nilipokosea. La. Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, na lilikuwa jikoni kwangu, hakuna aliyeshuhudia.

Mjukuu wangu aliniambia ataitengeneza mwenyewe. Atatafuta pesa. Hakunilaumu. Aliniomba jambo moja tu, nirudi kwa kikundi niseme kwamba msimu ujao mashine ni ya kulipia. Hata kama ni kidogo, hata kama ni nusu ya bei, lakini ilipiwe, na niseme mimi, kwa sababu nikisema mimi watakubali.

Nikamwuliza, "Nikameze maneno yangu mbele ya Kalekye?"

Aliendelea kuchochea moto.

"Watu watasema mwenyekiti ni kigeugeu," nikaongeza.

"Haya, Susu," akasema. Basi. Mimi nilidhani nimeshinda.

Ona! Kusimama dakika chache na kusema "nilikosea, mlipeni mtoto". Hilo tu ndilo lililohitajika. Na sikulifanya, kwa sababu ya Kalekye. Leo nikikutana na Kalekye ananiomba chumvi nampa, na wala hajui kwamba nilimnunua yeye, na bei niliyolipa ni mjukuu wangu.

Wiki hiyo gari likaja likaibeba mashine. Aliiuza kwa mtu wa mbali, sikumwuliza nani. Akafunga mizigo yake ile ile, akarudi Athi River. Mwajiri wake wa zamani akamchukua tena. Wakati wa kuondoka alifagia pale nyuma ya nyumba alipokuwa anachomelea, akaokota hata vipande vidogo vya chuma, ili kuku wasiumie. Niliona vile anafagia nikajua harudi.

Msimu uliofuata mvua ilikuja nzuri. Ndengu zikajaa. Tukaanza kupura kwa fimbo, na nyinyi mnajua, ukishaona mashine fimbo inakuwa nzito mara mbili. Wale wale walioifisha walikuwa wa kwanza kulalamika migongo.

Halafu akatokea jamaa na mashine. Hatumjui, si Mkamba hata, anaongea Kiswahili cha haraka, niaje niaje, na mashine yake imepakwa rangi ya samawati. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mjukuu wangu. Na unalipa kabla hajawasha injini. Ukimwambia ngoja niuze kwanza, anafunga turubai anaenda kwa mwingine.

Nadhani mnajua ni nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kalekye! Alifungua fundo la leso, akalipa, hata hakuomba kupunguziwa. Mbithe akalipa. Ndinda akalipa. Mueni wote wawili wakalipa. Kioko akaleta lori zima akalipa. Hakuna aliyetaja mwethya. Hakuna aliyempikia yule jamaa hata uji.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama karibu kuliko inavyotakiwa, akanionya, "Shosho, rudi nyuma, itakushika nguo." Nikamwambia nataka kuona vile inavyofanya kazi. Alikuwa amefungua kifuniko kuondoa majani yaliyokwama, na nikachungulia ndani.

Niliona akala za mzee wangu.

Rangi ya samawati ilikuwa ya nje tu. Ndani zilikuwa pale pale, vipande vile virefu, vimefungwa kwa bolti, na matundu ya misumari ya zile kanda yamejipanga. Nilizipigilia misumari zile kanda mara ngapi mzee akiwa hai? Mtu hasahau kiatu alichokitengeneza kwa mkono wake.

Nikamwuliza ameipata wapi. Akasema ilinunuliwa na mdosi wake, yaani tajiri wake, kutoka kwa msichana fulani, ilikuwa imekufa, wakaitia beringi na mkanda tu.

"Lakini huyo msichana ana kichwa," akasema. "Hii ndiyo mashine pekee haipasui ndengu. Mdosi amepeleka ramani yake kwa fundi, zinatengenezwa zingine za kupeleka Kitui na Makueni. Vijana washaandikwa kazi."

Alisema hivyo akifunga kifuniko. Wala hakuwa ananiumiza, alikuwa anasifu chuma chake. Nikatoa pesa nikalipa. Nikalipa ili akala za mume wangu zinipurie ndengu zangu. Ndengu zilitoka nzima, nikazishika kwa mkono kama siku ile, lakini siku hii sikupata machozi. Nilikuwa na hasira tu. Vijana wa kwingine wameandikwa kazi na kichwa kilicholala kwa kitanda changu, na Kimeu yuko pale stendi!

Jioni nikampigia simu mjukuu wangu. Nikamweleza nilichokiona. Alicheka kidogo, akauliza kama raba bado zimeshika. Anauliza raba! Nikamwambia zimeshika.

Akanieleza habari zake. Huko kiwandani kulikuwa na mashine inayowasumbua kila siku, akamwendea mkubwa wake akamwambia ana wazo. Yule mkubwa hakumcheka. Akampa kona ya karakana, vyuma na wenzake wa kumsaidia, akamwambia jaribu. Ilipofanya kazi wakampandisha, na sasa anaulizwa kitu kingine anachofikiria ni nini.

"Hapa nikisema inataka mafuta, Susu, wananunua mafuta," akaniambia.

Nikakumbuka yule afisa wa kanisani na makofi yangu. Mtu asiyejua hata jina la kijiji chetu amempa mtoto wangu kona. Mimi niliyempa jina, nilimpa sahani ya muthokoi.

Nikamwuliza kama ataweza kurudi atengeneze nyingine. Nikamwambia safari hii nitasimama mimi mwenyewe niwaambie watu walipe.

"Nitakuja Krismasi," akasema. "Kukusalimia."

Na bado nilisimama. Kikao kilichofuata nilisimama nikasema yote, kwamba nilimdhulumu mtoto, kwamba tulimdhulumu sote, kwamba kitu cha mtu kinalipiwa hata kama alizaliwa mbele yetu. Niliwataja kwa majina, boma kwa boma, kila mmoja na magunia yake. Walinisikiza. Kisha Kalekye akauliza, bila ubaya wowote, sasa nawaambia haya ya nini na mashine haipo. Uenyekiti niliuacha siku hiyo hiyo, anao Mbithe.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mwethya ni ya mikono. Mikono ikichoka inalala na kuamka. Chuma hakiamki bure. Mkitaka kumsaidia kijana wenu msimpigie makofi, makofi nimeyapiga mimi na mmeona yalikonifikisha. Siku atakapowaonyesha kitu alichotengeneza, kuwa mteja wake wa kwanza. Mlipe bei yake yote, tena mlipe hadharani, shangazi zake wote wakikuona. Na kama umeshasimama ukasema upuzi, simama tena haraka, kabla gari halijaja kubeba.

Nyuma ya mlango bado kuna kanda za zile akala, zile alizozitoa alipokata soli. Alizining'iniza pale pale pa zamani, kwenye msumari wa babu yake. Krismasi akija atazikuta.